Rampu za Mzee Urho

Urho Salmela aliapa kwamba hatalala tena chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, na kiapo hicho hakukila kwa hiari. Mwezi wa Septemba pikapu yake iliteleza kwenye jeki, ikashuka na kusimama shubiri moja juu ya kifua chake. Alikaa pale chini robo saa nzima, pua kwa pua na injini, mpaka jirani yake Gordy Trudeau alipokuja kuazima msumeno na kukuta buti mbili zimechomoza. Gordy akamvuta nje. Kisha Gordy, ambaye mdomo wake haujapata kuwa na kufuli, akarudi kwake na kumpigia simu Lorna.

Lorna alikuwa mtoto pekee wa Urho. Aliishi kusini, ng'ambo ya daraja kubwa, mwendo wa saa tisa kwa gari. Habari ya jeki ilimkuta bado hajaisahau habari ya sufuria. Mwezi wa Agosti baba yake alibandika viazi jikoni akaenda ziwani kuvua, na aliporudi dari lote lilikuwa jeusi. Sufuria kwanza, kisha jeki. Mwanamke akaona yametosha. Akatafuta nyumba ya wazee karibu na kwake, akapata chumba chenye dirisha, wakamwambia watamshikia mpaka Jumatatu ya wiki ya tatu ya Novemba.

"Nitakuja nikae nawe wiki moja, Baba," alisema kwenye simu. "Nikuone kwa macho yangu, ndipo niwajibu."

"Njoo," Urho alisema. "Kahawa ipo."

Mtu mwingine angeandaa maneno ya kujitetea. Urho aliandaa mbao.

Alikuwa nazo nzuri, unene inchi mbili na upana inchi kumi, zilizobaki siku alipomjengea marehemu mkewe Ellen kibaraza cha sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke. Zilikuwa zimekauka miaka kumi na mitano. Alikusudia kutengeneza rampu mbili, moja kwa kila gurudumu la mbele, ili gari lipande lenyewe na mtu ajilaze chini yake bila kumkabidhi jeki roho yake. Akazikata tabaka kwa tabaka, kila ubao mfupi kuliko wa chini yake, mpaka zikawa kama ngazi zenye vidato vinne. Ncha akazichonga mshazari ili tairi lisishtuke. Juu aliacha pahali bapa pa kutosha tairi kupumzika, na mwisho kabisa akafunga gogo la kuzuia, maana gurudumu likipitiliza, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Vipimo vyote aliviandika ukutani kwa penseli. Zamani hakuwa na haja hiyo. Lakini mwaka huu namba zilikuwa zimeanza kumtoroka kichwani kati ya meza na msumeno, na kuna ubao mmoja aliupima mara tatu, na mara ya tatu ilimbidi asome ukutani ajue ni wa nini. Hilo hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na chumba kinachowangoja kusini.

Gordy, aliyezoea kumwita Urho Mfini kwa kuwa wazazi wake walitoka Ufini, alikuja kuzikagua, tumbo mbele, mikono mfukoni.

"Hizi nini, Mfini? Majeneza ya paka?"

"La kwako hilo la kulia. Nimekupima kwa jicho."

"Si ununue za chuma dukani kama binadamu wengine?"

"Za chuma hubonyea. Na wewe ungezaliwa na mikono badala ya mdomo, ungejua kwamba vitu hutengenezwa."

Gordy akapanda juu ya rampu na kurukaruka na uzito wake wote wa kilo mia na ushee. Ubao haukulia. Wakaipandisha pikapu, haukulia pia. Gordy akazizunguka, akazipiga teke, akakosa la kusema. Kwa Gordy, kukosa la kusema ndiyo sifa yenyewe, na Urho alilala usingizi mzuri kwa sababu yake.

Sasa, watu wa upande ule hawaambii watoto wao kwamba wanawapenda. Baba akitamka neno kama hilo mezani, kila mtu atatazama sahani yake, na wengine watadhani daktari kamwambia jambo. Baba huuliza, "Oili umebadilisha lini?" Mtoto akijibu kwamba siku zimepita, baba huvaa ovaroli yake na kutoka nje kwenye baridi, na hapo yote yaliyotakiwa kusemwa huwa yamesemwa. Lorna alikulia katika lugha hiyo. Tangu ana miaka saba ndiye aliyekuwa mshika taa, akichuchumaa kando ya gari huku vidole vikimfa ganzi, na sauti ya baba yake ikipanda kutoka chini: "Taa, Lorna! Unamulika sikio langu! Sikio halina boliti! Mulika hapa!" Alikuwa akilia huku ameishika, na kesho yake akija tena.

Na ulikuwapo msumari. Kando ya mlango wa banda la gari Urho alikuwa amepigilia msumari mrefu wa inchi sita, na kwenye msumari huo alitundika pete za mpira. Kila filta ya oili ina pete kama hiyo mdomoni, ya kuziba oili isitoke. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba pete hiyo ina tabia mbaya. Ukifungua filta ya zamani, pete inaweza kubaki imeng'ang'ania injini, nawe usiione. Ukifunga filta mpya juu yake, zinakuwa pete mbili, na mbili hazikai pamoja. Zitavumiliana maili chache, kisha moja itasukumwa nje na oili yote iifuate. Kwa hiyo mtu mwenye akili huivua ile ya zamani na kuitundika kwanza, ndipo aishike filta mpya. Iliyo msumarini haiko kwenye injini. Urho alifanya hivyo miaka arobaini na sita, na huo ulikuwa msumari wake wa tatu. Lorna akiwa mdogo alizihesabu pete zile kama shanga.

Wiki ilikwenda vizuri. Urho hakuunguza kitu. Alimeza vidonge vyake mbele ya binti yake, akazitaja siku kwa majina yake, na jioni aliwasha jiko la sauna na kulizima mwenyewe. Jumamosi asubuhi, siku ya Lorna kuondoka, walikuwa wakinywa kahawa na mkate wa hiliki. Lorna akaweka kikombe chini.

"Baba, gari langu limetimiza maili zake. Libadilishe oili wewe. Mwanzo mpaka mwisho. Mimi sitakukumbusha kitu."

"Ni mtihani?"

"Ndiyo, ni mtihani. Ukimaliza salama nitawaambia hicho chumba wampe mwingine, na hutanisikia tena nikikitaja."

Urho akautafuna mkate wake polepole. "Na taa atashika nani?"

"Utajishikia mwenyewe. Mimi mikono yangu itakuwa mfukoni."

Basi likapandishwa gari. Magurudumu yalipanda vidato vinne kwa utulivu, yakagusa lile gogo, yakatulia. Urho akavuta breki ya mkono, akaweka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, akausukuma mwili wa gari kwa bega mara mbili. Kisha akajilaza. Nafasi ilikuwa tele mpaka aliweza kugeuka ubavu kama yuko kitandani. Akafungua boliti, oili nyeusi ikatiririka kwenye karai. Akaifuta boliti, akairudisha, akaikaza kwa kiasi. Akaishika filta ya zamani kwa mkono mtupu na kuizungusha, nayo ikatii.

Hapo ndipo Lorna alipochuchumaa na kuchungulia chini.

"Baba, hizi rampu ni nzuri kweli," alisema. "Gordy aliniambia, nikadhani anatania. Hata mimi ningelala humo bila woga." Akacheka. Kicheko kilikuwa cha Ellen, kile kile, kama kimeazimwa.

Furaha ilimjaa Urho kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Machozi yalimtoka, naye akashukuru kwamba yuko chini ya gari. Akaitia filta ya zamani kwenye karai kifudifudi, akajifuta uso kwa kiwiko. Akachukua filta mpya, akaipaka pete yake oili kwa kidole kama alivyofundishwa, na kuifunga. Kisha akatoka, akajaza oili mpya, akawasha injini na kuiacha ingurume. Akachungulia chini. Pakavu. Akapima kwa kijiti, oili ilikuwa kwenye alama. Dakika thelathini na tano, na hakuna aliyemkumbusha kitu.

"Umefaulu, Baba," Lorna alisema, akamkumbatia, na Urho safari hii hakusimama kama mti.

"Nenda polepole," alimwambia. "Msimu huu wa kuwinda, kulungu wamechanganyikiwa, wanakimbilia barabarani."

Gari likateremka kwenye rampu kama lilivyopanda, likaiacha njia ya nyumba, likapotea.

Urho alianza kusafisha. Alipiga mluzi, jambo ambalo banda lile halikuwa limelisikia tangu Ellen azikwe. Akaitoa filta ya zamani kwenye karai, akaigeuza ili aivue pete akaitundike.

Mdomo ulikuwa mtupu.

Akaingiza mkono kwenye karai mpaka kiwiko, akaipapasa oili ile mpaka chini kabisa. Hakuna. Akatazama chini ya rampu, kwenye vitambaa, mifukoni. Labda nimeshaitundika, alijiambia, nikasahau kwamba nimeitundika, na kwa mara ya kwanza mwaka ule aliomba iwe kweli kwamba amesahau. Akaenda msumarini. Pete ya juu kabisa ilikuwa ya masika, na buibui alikuwa ameshafunga uzi wake kati yake na ukuta.

Alipiga simu. Sauti ya mashine ilimjibu kwamba mteja hapatikani. Alijua hatapatikana. Ukishakipita kituo cha mafuta cha njia panda, barabara huingia msituni maili arobaini, na humo simu ni kipande cha kioo tu. Urho hakuvua hata ovaroli. Aliruka kwenye pikapu na mikono yake ya oili na kuondoka.

Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kuifunika barabara. Mpaka kituo cha mafuta hakuona kitu, akaanza kujidanganya kwamba pete zimepatana. Maili mbili ndani ya msitu akaona tone. Kisha matone mawili. Kisha yakaungana, ukawa mstari mweusi juu ya weupe, usiokatika. Maisha yake yote Urho aliifuata damu ya kulungu aliowapiga mwenyewe, na alijua mstari kama ule mwisho wake ni nini. Injini ikikauka katikati ya mwendo hukwama ghafla, usukani unakuwa mgumu, na miti iko pande zote mbili. "Simama," alisema kwa sauti. "Simama, mwanangu, simama."

Alimkuta baada ya kona ya mto, amesimama kando ya gari, mzima, amejikunyata ndani ya koti. Urho akashuka. Mwindaji mwenye ndevu na koti la rangi ya chungwa alikuwa amesimama pale pia, gari lake likinguruma mbele.

"Taa nyekundu ya oili iliwaka," Lorna alisema. "Nikasema nifike pahali penye mtandao. Halafu injini ikapiga kelele kama inatafuna mawe, ikazima. Nusura niingie mtoni. Baba, umejuaje?"

Urho aliinama kuchungulia chini ya gari.

"Injini imekufa, mzee," mwindaji alisema. "Haizunguki kabisa. Nimechungulia, oili yote imetokea kwenye filta. Siku hizi wanatengeneza takataka. Filta mbovu tu hiyo, usijilaumu."

"Umesikia?" Lorna akamshika baba yake mkono. "Filta mbovu. Si wewe. Na nimeshawapigia pale kituo cha mafuta, Baba. Nimewaambia chumba hatukihitaji."

Mwindaji akaenda kwenye gari lake kutafuta kamba ya kulivuta lile la Lorna. Urho akajilaza kwenye theluji. Hapakuwa na rampu hapo, alijiburuta kwa mabega mpaka uso ukagusa chuma chenye joto. Akazungushia kitambaa kwenye filta, akaifungua. Zikamwangukia kifuani pete mbili, moja nzima, moja imepasuka na kukunjika kama ulimi.

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi mbele yake, na waliomfungulia ni watu wenye huruma. Pete ile iliyopasuka ilikuwa na upana wa kiganja. Ingeingia mfukoni mwa ovaroli, na kesho ingeingia kwenye jiko la sauna, na yeye angebaki nyumbani kwake na kufa kwake. Nani angemdai? Aliitaka nyumba ile kwa uchu uliomtia aibu. Alikitaka kibaraza cha Ellen, banda, penseli ukutani, hata dari jeusi la jikoni. Akaikunja pete kiganjani.

Kisha akamsikia Lorna akikanyagakanyaga theluji kujipasha moto. Viatu vilikuwa usawa wa macho yake. Mto ulikuwa hatua kumi nyuma ya viatu hivyo.

Akajiburuta nje, akaketi palepale chini, akamnyooshea mkono.

"Hesabu," alisema.

Lorna alizitazama. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza, yeye aliyekua akizihesabu. Akaichukua ile iliyopasuka.

"Hii ilitakiwa iwe msumarini," alisema.

"Ndiyo."

"Ulisahau? Au ni mimi, kwa sababu nilikusemesha?"

"Sijui, Lorna." Urho alifuta uso na kuupaka oili. "Hilo ndilo linalonitisha. Nimelitafuta njia nzima, na sijui."

Angeweza kumwambia si neno, Baba. Watoto wengi wangemwambia. Lorna akapiga magoti kwenye theluji, akaukumbatia mkono ule wenye oili kifuani mwa koti lake zuri, akalia.

Jumatatu Lorna aliipigia simu nyumba ya wazee akiwa jikoni, baba yake akiwa mezani anakata mkate. Chumba kilikuwa bado kipo. Walimpa mpaka Ijumaa. Gari lake lilivutwa kwenda kwa mnunua vyuma, kwa hiyo wangesafiri kwa pikapu, na pikapu haikuwa imebadilishwa oili tangu masika, maana ile siku ya jeki kazi haikuisha.

Gordy alikuja Alhamisi kuchukua funguo za nyumba. Alizunguka banda, akaishia mbele ya rampu.

"Nitakutunzia majeneza yako ya paka, Mfini," alisema. Akageukia ukutani kusoma namba za penseli. Urho akacheka kwa nguvu kumsaidia.

Alipoondoka, waliipandisha pikapu. Urho akavaa ovaroli, lakini Lorna alikuwa ameshajilaza chini, nywele zake amezifunga kwa kitambaa cha mama yake.

"Nishikie taa, Baba," alisema.

Urho akachuchumaa. Magoti yalilia, sakafu ilikuwa ya baridi. Aliviona viganja vya binti yake vikifanya kazi, haraka na kwa uhakika, kwa namna ambayo hakukumbuka kumfundisha. Boliti ikatoka. Oili ikashuka. Filta ikazunguka, na mkono mmoja ukachomoza kutoka chini ukiwa na kitu cheusi cha mviringo.

"Hii hapa. Itundike kwanza."

Akaenda, akaitundika juu ya ile yenye uzi wa buibui, akarudi, akachuchumaa tena. Mkono wake ulikuwa umechoka. Mwanga ulianza kuhama, ukaiacha filta, ukapanda ubavuni mwa injini, ukaishia kwenye sikio la Lorna. Urho aliuona unahama na mkono haukumtii. Akajikaza, akingoja kukemewa.

Lorna akasimamisha kazi. Akalala kimya pale chini, mikono juu ya kifua, akangoja mpaka mwanga uliporudi.